Alama ya Maji Ukutani: Namna ya Kuingiza Tabianchi Kwenye Mpango wa Mtaa na Kata

Kila mwaka, bajeti inapoanza kuandaliwa, napigiwa simu na watendaji wa mitaa na kata wakiuliza swali lilelile: "Mama, hili suala la tabianchi tuliweke wapi?" Wametoka semina, wameambiwa mipango yote izingatie mabadiliko ya tabianchi, na sasa wamekaa mbele ya jedwali lenye afya, elimu, barabara na maji, wala hawaoni pa kuliandika. Wengi huishia kuongeza mstari mmoja chini kabisa: kupanda miti 500. Miti inapandwa Aprili 1, viongozi wanapiga picha, na ikifika Agosti imekauka kwa sababu hakuna aliyetengewa hata ndoo ya kumwagilia.

Nimekuwa afisa mipango katika halmashauri za jiji la Dar es Salaam kwa miaka 19. Jibu ninalowapa ni hili: msiitafutie kasma yake, yaani fungu lake la bajeti. Pitisheni kila mradi ulioko tayari kwenye jedwali mbele ya maji na mbele ya jua, kabla fedha haijapangwa. Zahanati, darasa, kivuko cha mtaro, choo cha soko, vyote vitakaa hapo miaka 30 au 40, na mvua itakayovinyeshea si lazima iwe ile waliyoizoea wazee wetu. Kuhimili mabadiliko ya tabianchi kunakaa kwenye kimo cha sakafu, upana wa kalavati, lile bomba linalopitisha maji chini ya njia, na mahali pa kiwanja. Kupunguza gesijoto, zile gesi zinazoongeza joto duniani, ni kazi nyingine, nayo ni njema, ila mtaa wa Dar es Salaam ukiwa na fedha kidogo na maji mlangoni, uanze na kuhimili.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua, na mahali nilipokosea nitapataja.

Anza na ukuta, halafu karatasi

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, tembea mtaa mzima na mjumbe anayeujua. Beba tepu ya fundi, chaki, daftari na simu yenye chaji. Unatafuta alama za maji.

Nikupe mfano wa Kigogo, karibu na Mto Msimbazi. Tuliingia kwa bibi mmoja, tukamwamkia, akatupa kigoda. Nikamwuliza maji yalifika wapi. Akanyanyuka, akaweka kiganja ukutani, mahali ambapo rangi imebabuka na chokaa inatoka unga. "Huu wa chini ni wa masika iliyopita. Huu wa katikati sikumbuki. Huu wa juu ni wa Mabwepande."

Wa Mabwepande, maana yake Desemba 2011. Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadaye serikali ikawapa viwanja Mabwepande baadhi ya wakazi wa mabondeni. Watu wetu hawahesabu mafuriko kwa milimita. Wanayahesabu kwa msiba, kwa mtoto aliyezaliwa, kwa uchaguzi. Andika hivyohivyo kama wanavyosema, mwaka utautafuta baadaye.

Nikapima kutoka sakafuni hadi mstari wa juu: sentimita 118. Nikaandika. Nikiwa natoka, bibi akaniita. "Mwanangu, umepimia sakafu ipi? Hii ni ya tatu."

Alikuwa ameshapandisha msingi mara mbili kwa kifusi na zege jembamba. Mlango wake ulikuwa umekuwa mfupi kiasi kwamba mjukuu wake wa kidato cha pili anainama kuingia. Kipimo changu kilikuwa kimepotea zaidi ya nusu mita, na kwa miaka mingi kabla ya siku ile nilikuwa nimepima hivyo hivyo nyumba baada ya nyumba, nikipeleka ofisini maji mafupi kuliko yalivyokuwa.

Tangu hapo sipimi kutoka sakafuni. Natafuta kitu kisichopandishwa wala kushushwa: kitako cha daraja, msingi wa shule ya zamani, ngazi ya msikiti au kanisa. Hiyo inakuwa alama ya rejea ya mtaa mzima. Ukiwa na bomba la plastiki linaloonyesha maji, lile mafundi wanalotumia kulinganisha msingi, unaweza kuhamisha kimo kutoka nyumba hadi nyumba bila kifaa cha gharama. Mtu mmoja ashike huku, mwingine kule, maji yakitulia pande zote mbili unapiga chaki. Ukipata alama 15 au 20 zilizotawanyika mtaani, una ushahidi ambao mhandisi anaweza kuufanyia kazi na diwani anaweza kuusimamia barazani.

Usiache kutumia ramani zilizopo. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaro, njia na majengo ya kata nyingi za jiji hili, na ramani hizo zinapatikana bure kwenye intaneti. Mimi huzichapa kubwa, nazitandika mezani kwenye ofisi ya mtaa, na kuwaachia watu kalamu nyekundu. Ndipo utasikia, "Hapa pamekosewa, huu mtaro ulishazibwa na fremu za maduka." Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko kurasa kumi za ripoti.

Jua mvua inanyesha wakati gani wa bajeti

Hili halisemwi semina, nami naona ndilo linalotukwamisha zaidi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na mwanzoni mwa mwaka rasimu inapita kwenye kamati na Baraza la Madiwani. Masika, ambayo ndiyo mvua kubwa yetu, inashuka Machi hadi Mei, bajeti ikiwa imeshafungwa. Kwa hiyo kila ambacho masika imetufundisha kinakaa bila mwenyewe kwa miezi sita, na watu wanasahau. Ikifika Novemba tunapanga kwa kumbukumbu ya vuli, na vuli ikiwa dhaifu mtaro unashuka kutoka namba moja hadi namba saba.

Dawa yake ni kuwa na daftari la masika. Aprili na Mei, kila mvua kubwa, mtendaji aandike tarehe, saa maji yalipoingia, saa yalipotoka, njia gani ilikatika, nani alihama na alihamia wapi. Aweke picha, na kwenye picha mtu asimame kando ya maji ili kimo kionekane. Daftari hilo lifunguliwe mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata siku ya kupanga vipaumbele, lisomwe kwa sauti. Nimeona kamati ikibadili mawazo kwa kusomewa kurasa mbili tu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli mwishoni mwa Agosti na wa masika mwanzoni mwa mwaka. Usome kwa ajili ya kazi za msimu: lini uzibue mitaro, lini usianze kuchimba msingi. Mradi wa mtaro uliopata fedha Julai ukianza kuchimbwa Novemba, umechimba shimo la kukusanyia maji ya watu. Kazi za udongo zifanyike Julai, Agosti, Septemba, ardhi ikiwa kavu. Kwa hiyo zabuni na mikataba iandaliwe mapema, na hilo nalo ni kuhimili.

Kila mradi uulizwe

Chukua orodha ya miradi ya kata. Kwa kila mmoja uliza maji ya mvua kubwa yatapita wapi siku hiyo, jengo litakuwa na joto gani saa nane mchana, na likikosa maji ya bomba wiki mbili litafanya nini. Mingine itapita kwa dakika mbili. Kwenye mingine mtakaa asubuhi nzima, na hapo ndipo pa kukaa.

Madarasa na zahanati zinazojengwa kwa fosi akaunti, yaani kamati ikisimamia mafundi bila mkandarasi, mara nyingi huja na ramani iliyochorwa tayari. Kamati ya ujenzi hudhani basi hakuna cha kuamua. Kipo. Ramani haijui kiwanja chako. Kamati ndiyo inayoamua jengo likae upande gani wa eneo, msingi unyanyuliwe tofali ngapi juu ya alama ya maji uliyoipima, choo kiwe upande wa juu au wa chini wa kisima. Tofali mbili za ziada kwenye msingi ni fedha ndogo ukilinganisha na kubadilisha friji ya chanjo na magodoro ya wazazi.

Vyoo vinahitaji neno lake. Kila mkazi wa bondeni anajua kwamba mvua ikinyesha usiku kuna wanaotapisha vyoo, kinyesi kinakwenda na maji hadi kwa jirani, na wiki mbili baadaye tunazungumzia kipindupindu. Kuwakamata peke yake hakujatosha. Mpango wa kata uwe na njia ya kunyonya vyoo kwenye vichochoro ambavyo gari kubwa haliingii, na ufanyike kabla ya masika, shimo likiwa na nafasi. Choo kipya cha shule kiinuliwe, mashimo yake yajengewe yasipokee maji ya juu.

Sasa kalavati, ambalo linaniuma. Mwaka wangu wa tatu kazini, mhandisi wetu alipendekeza bomba la milimita 900 kwenye kivuko kimoja. Ukomo wa bajeti ulikuwa umebana, na kata ilitaka vivuko viwili. Nikafanya hesabu ya mtu wa mezani: nikashusha hadi milimita 600, fedha ikatosha vivuko vyote viwili, madiwani wakafurahi. Fundi mzee aliyekuwa akipanga mawe aliniambia, "Mama, hili litakabwa." Nikamjibu kwamba fedha ndiyo hiyo.

Bomba la 900 lina nafasi ya kupitisha maji mara mbili na robo ya lile la 600, kwa sababu nafasi inakua kwa mraba wa kipenyo. Mimi nilidhani nimepunguza theluthi. Masika iliyofuata kivuko kilijaa chupa, matawi na nguo kuukuu, maji yakarudi nyuma yakaingia nyumba tisa ambazo kabla ya kivuko hazikuwahi kuingia maji. Mama mmoja alikuwa na kitoto cha wiki tatu, walikitoa kwenye beseni. Nilikwenda pale asubuhi, hakuna aliyenitukana. Walinionyesha tu.

Kwa hiyo ukiambiwa fedha haitoshi, punguza idadi, usipunguze kipenyo. Kivuko kimoja kinachopitisha maji ni msaada. Viwili vinavyokaba ni mabwawa mawili.

Ili kamati ielewe ukubwa wa maji, wape hesabu hii, haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo la hekta 10 likinyeshewa milimita 50 limepokea lita milioni 5, sawa na malori 500 ya lita 10,000. Penye udongo na majani mengine yananyonywa. Penye bati, lami na zege, karibu yote yanakuja kwenye mtaro wako. Nikishaandika hiyo ubaoni, hakuna anayeuliza tena kwa nini mtaro uwe mpana.

Usimhamishie jirani maji

Nimeona barabara za mtaa zikinyanyuliwa vizuri, zikawekwa tabaka, na nyumba zote za pembeni zikageuka bonde. Nimeona mwenye uwezo akijaza kifusi kiwanja kizima, akajenga ukuta hadi kwenye kingo za mto, na maji yaliyokuwa yakipumzika kwake yakaenda kulala kwa watu watano wengine. Huko si kuhimili, ni kuhamisha msiba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe wa bahari, na mtendaji wa mtaa ndiye wa kwanza kuona lori la kifusi likiingia. Afadhali kuzuia lori la kwanza kuliko kuja kubomoa ghorofa.

Msimbazi unatoka milima ya Pugu na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani unapita kata nyingi, na sehemu nyingine ndio mpaka kati ya halmashauri. Kila upande una bajeti yake, na maji hayajui mpaka. Kwa hiyo, mradi wowote unaogusa mto au mtaro mkuu, mwalike mtendaji na diwani wa kata ya chini kwenye kikao chenu, na muhtasari uandikwe kwamba alikuwepo na alisema nini. Vilevile uliza miradi mikubwa iliyokwishapangwa, kama ule wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake 2022. Hakuna maana ya kujenga kivuko cha kudumu mahali ambapo mto utapanuliwa.

Na suala la kuhamisha watu lisiandikwe kirahisi. Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na mbali na feri. Mtu aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga Magomeni, ukimpa kiwanja bila usafiri wa nauli anayoimudu na bila soko, umempa kiwanja cha kuuza. Wapo waliorudi bondeni. Ukipanga kuhamisha, andika kwenye mpango huohuo shule, daladala, maji na eneo la biashara, vyenye fedha na tarehe.

Tope na watu wanaokosekana kikaoni

Kuzibua mitaro kunaandikwa kila mwaka na kunafanywa kila mwaka, lakini angalia kinachofuata. Vijana wanazoa tope, wanalirundika ukingoni likauke, kazi inahesabiwa imekwisha, wanalipwa. Mvua ya kwanza tope lote linarudi mtaroni. Kwenye makadirio ya kazi hiyo weka guta au lori la kuliondoa siku hiyohiyo, na malipo ya mwisho yatoke tope likishaondoka. Vikundi vya vijana na wanawake vinavyozoa taka vinaweza kuomba ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Wasaidie kuandika andiko, maana mtaro safi unaanzia kwenye taka iliyochukuliwa nyumbani.

Kuhusu mkutano wa mtaa: wanaohudhuria ni wenye nyumba. Wapangaji, ambao ndio wengi kwenye vyumba vya bondeni, hawaji kwa sababu wanaona mtaa si wao. Mama ntilie yuko jikoni saa nne asubuhi. Asiyeona na anayetumia kiti cha magurudumu hawafiki ofisi iliyoko ng'ambo ya mtaro. Hao ndio wa kwanza kukutwa na maji usiku. Wafuate. Mimi hupita kwa mama ntilie baada ya saa tisa, sufuria zikishaoshwa, na hapo ndipo nilijifunza kwamba njia ya kutorokea tuliyoichora kwenye mpango wa maafa ilikuwa na geti linalofungwa saa nne usiku.

Joto, ukame na bahari, kwa ufupi

Jiji hili halisumbuliwi na mafuriko tu. Oktoba 2022 tulikuwa kwenye mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umeshuka. Paa la shule la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 100 linatoa lita 20,000. Weka mifereji ya bati na tangi kwenye gharama ya darasa tangu mwanzo, na fedha ya kusafisha tangi. Kwenye joto, panda miti ya kivuli upande wa jua la jioni, acha madirisha mapana yanayotazamana, weka dari chini ya bati. Kigamboni na pwani yote, pima chumvi ya visima kabla ya kuchimba kingine, na mikoko iliyobaki usiiguse.

Namna ya kuandika ili isikatwe

Ukiandika "ujenzi wa mtaro wa kuhimili tabianchi" kama mradi wa pekee, ukomo wa bajeti ukishuka utakuwa wa kwanza kuondoka. Nimewahi kuangalia ukiondoka mara nyingi. Andika "ujenzi wa vyumba viwili vya madarasa pamoja na msingi ulioinuliwa, mtaro wa mita 60 na tangi la maji ya mvua", gharama ikiwa moja. Darasa haliwezi kukubaliwa kama limekamilika mpaka vyote viwepo. Kwenye safu ya maelezo weka kipimo chako: maji yalifika sentimita kadhaa juu ya alama ya rejea, tarehe fulani, ukurasa fulani wa daftari la masika. Mjumbe wa kamati ya fedha akitaka kukata, atalazimika kukata mbele ya namba.

Bajeti ikishapitishwa, bandika miradi ya kata kwenye ubao wa ofisi ya mtaa ikiwa na vipimo vyake, kipenyo cha bomba na kimo cha msingi, ili fundi mzee na bibi wa Kigogo waweze kuja na tepu yao.

Alama zenyewe zisibaki za chaki. Nunua kopo dogo la rangi ya mafuta nyekundu. Kwenye nguzo ya daraja au kona ya ofisi ya mtaa, mahali wanapopita watoto wa shule, piga mstari upana wa kidole gumba na uandike tarehe juu yake, si chini, maana chini ndiko tope linakotangulia kufuta. Mwombe mjumbe akushikie tepu upande wa pili.